Tovuti ya kilimo imeporomoka tangu mwezi wa tano, nina hela ya kurekebisha kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

#1 Bwana Shamba Kiganjani
Wakuu habari za humu. Niende moja kwa moja. Nina tovuti ya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili, iko WordPress, makala mia na ushee, nyingi kuku wa kienyeji, nyanya, vitunguu na mahindi. Mwaka jana ilikuwa inajiendea yenyewe, watu wanaingia kutoka Google bila mimi kusukuma popote. Tangu mwezi wa tano mwishoni imeporomoka, kuna siku naona nusu ya watu wa zamani, na hao wanaoingia hawakai, anachungulia anaondoka, hata batani ya WhatsApp niliyoweka chini ya makala haigusi mtu.

Nataka nipange miezi mitatu niirekebishe sawasawa ila bajeti inatosha kitu kimoja kwa sasa. Ama nihame hostingi, yaani kampuni inayoitunza tovuti kwenye seva zao, niende yenye kasi, ama nimlipe kijana aniandikie makala mpya, ama ninunue baklinki, linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwangu, maana kuna jamaa kanishikilia kooni kwamba bila hizo Google haikuoni. Kwa mtazamo wangu tatizo lenyewe ni Kiswahili, Google hawakithamini, tovuti za wenzetu wa Kenya za Kiingereza zinapaa tu. Nawasilisha.

#2 Mpiga Zumari
Nimekaa siti ya mbele, ngoja waje.

#3 Fundi Waya
Baklinki za kununua achana nazo kabisa. Google walianza kupambana nazo kwa nguvu na lile sasisho lao la Penguin la 2012, siku hizi nyingi wanazipuuza tu kwa hiyo hela yako imekwenda na maji, na ukiwa na bahati mbaya unakula adhabu ambayo kuiondoa ni barua na kusubiri. Huyo jamaa mwambie akuonyeshe tovuti yake mwenyewe kwanza.

Anza na kasi. Ingiza anwani yako PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, chagua simu sio kompyuta, ulete majibu hapa. Kitu kikubwa cha juu kwenye ukurasa, mara nyingi picha, kinatakiwa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ukivuka 4 mtu wa bando la jero kashaondoka zake.

#4 Tajiri wa Maneno
Mkuu kwenye kila makala kuna sehemu ya meta keywords, maneno ambayo msomaji hayaoni, jaza maneno mengi humo, kuku, kuku wa kienyeji, kuku chotara, ufugaji wa kuku Tanzania, Google atakupandisha. Mimi ndo ninavyofanya.

#5 Fundi Waya
@Tajiri wa Maneno Google walitangaza 2009 kwamba hawaitumii hiyo kupanga nafasi. Elfu mbili na tisa mkuu.

#6 Tajiri wa Maneno
Mbona yangu inafanya kazi

#7 Mpiga Zumari
Inafanya kazi ya kukuchosha vidole 😂

#8 Shangazi Takwimu
Wanangu mnampa dawa mtu hamjampima. Bwana Shamba, kabla hujatoa shilingi, fungua Search Console, ripoti ya Google ya jinsi unavyoonekana watu wakitafuta. Inatunza miezi 16, kwa hiyo linganisha mwezi wa sita na wa saba wa mwaka huu na ile ile ya mwaka jana, usilinganishe na mwezi wa tatu. Niletee vitu vitatu: umeonekana mara ngapi, umebofywa mara ngapi, na nafasi yako ya wastani. Halafu gawa kwa makala, kuku peke yake, mazao peke yake. Ukishaleta hivyo ndo tutajua kama watu wameacha kutafuta, au wanatafuta hawakuoni, au wanakuona wanakuruka. Haya ni magonjwa matatu tofauti.

#9 Dogo wa Makambako
Mimi sio mtu wa kompyuta ila nalima. Mwezi wa tano mwishoni huku kwetu mvua zimekata, wa sita wa saba watu wanavuna mahindi, nani atafute mbolea ya kupandia saa hizo? Subiri mwezi wa kumi na kumi na moja watu wakianza kuandaa mashamba, utaona wanarudi wenyewe. Na huko kwenye mvua za mara mbili wanasubiri vuli. Hujaporomoka mzee, watu wako shambani.

#10 Bwana Shamba Kiganjani
@Dogo wa Makambako asante, hilo sikuliwazia ila kuku hana msimu. Na nyanya kiangazi ndo wakati wake kwa wanaomwagilia maana ukungu unapungua. Ingekuwa mahindi tu ningekubali.

Shangazi ngoja nikae kwenye kompyuta usiku nilete.

#11 Kisauni Mtaa wa Pili
Nipo Mombasa hapa, hebu niweke neno. Eti tovuti za Kenya zapaa kwa sababu ya Kiingereza, mimi ninayo ya Kiingereza ya mambo ya hoteli na safari na imekufa kushinda yako bana. Kwa Kiingereza unashindana na dunia nzima, na wale wenye pesa za kuandikisha watu hamsini. Kwa Kiswahili ukitafuta "namna ya kukabili kantangaze kwenye nyanya" wako wangapi? Wachache mno, na nusu wamenakiliana. Hiyo ndiyo nafasi yako, usiitupe.

#12 Mzee wa Adsense
Tatizo Kiswahili hakilipi. AdSense, wale wa matangazo ya Google, hawakubali tovuti ya Kiswahili.

#13 Mapishi ya Bi Mkubwa
@Mzee wa Adsense si kweli, Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zao na mimi nalipwa kwa tovuti ya mapishi. Kwamba wanalipa kidogo kwa msomaji wa Tanzania kuliko wa Marekani hilo sawa, tunalia wote.

Kwa mleta mada naunga mkono picha. Mimi nilikuwa napiga picha ya pilau kwa simu naipandisha hivyo hivyo ilivyo, picha moja MB nne, makala ina picha tisa. Dada yangu yuko Newala akaniambia anafungua anaona kichwa cha habari na mraba mweupe, anasubiri, anapandisha chini maandishi yanaruka, anagusa tangazo bila kutaka, anafunga. Sasa hivi napunguza upana kwanza, pikseli 1200 zinatosha sana, nahifadhi kwa WebP, aina ya faili jepesi la picha, picha inashuka mpaka KB mia hivi na macho hayaoni tofauti. WordPress inaipokea WebP bila plagini, yaani programu ya kuongezea, tangu toleo la 5.8 la 2021. Sikuhama hostingi.

#14 Mwana wa Seva
Bi Mkubwa amesema kweli ila ameacha kitu. Ile picha ya juu kabisa isiwe na lazy loading, yaani ile ya kusubiri mpaka msomaji afike. Kuna plagini zinaweka kwa picha zote, matokeo yake picha ambayo ilitakiwa ije ya kwanza inakuja ya mwisho. Za chini ndo zisubiri.

Na hostingi usidharau. Kama seva iko Ulaya au Marekani kila kitu kinapita chini ya bahari, mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilivyokatika intaneti ikawa ya kusukuma. Weka Cloudflare mbele, huduma inayotunza nakala za mafaili yako karibu na msomaji, hata ya bure, wana vituo Dar, Nairobi na Mombasa, picha na mafaili yanatoka karibu. Nusu saa kazi imeisha na hela ya hostingi unabaki nayo.

#15 Ng'ombe wa Maskini
Samahani naomba kuuliza nje ya mada kidogo maana naona hapa kuna wafugaji. Kuku wangu wanaharisha kijani wanasinzia wamelegeza mabawa, wawili wamekufa jana. Dawa gani?

#16 Mpiga Zumari
Tumeingia bandani sasa 😂😂

#17 Shangazi Takwimu
Msicheke. Bwana Shamba soma alivyoandika huyu, neno kwa neno. Halafu fungua makala yako ya kideri uangalie kama kuna mahali umeandika "kuharisha kijani" au "kulegeza mabawa". Huyu hajui ugonjwa unaitwaje, angejua asingeuliza. Anaandika anachokiona.

#18 Daktari wa Mabanda
@Ng'ombe wa Maskini pole. Inaweza kuwa kideri, inaweza kuwa taifodi ya kuku, kwa maelezo hayo mtu hawezi kuapa. Watenge wanaoumwa, usimuuzie wala kumpa mtu kuku wa banda hilo, waliokufa fukia au choma, umwite mtu wa mifugo wa kata akawaone leo. Kama ni kideri hakina dawa, ni chanjo tu, na chanjo wanapewa wazima. Ile ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, usisubiri wafe.

#19 Ng'ombe wa Maskini
Shukrani sana daktari. Tovuti ya mleta mada inaitwaje nikasome

#20 Bwana Shamba Kiganjani
Nimekutumia jina pm, wewe na mafundi wa humu, sitaki mods waseme natangaza biashara.

Shangazi matokeo haya. Kuonekana kwenye Google nipo karibu palepale, tofauti ndogo. Nafasi ya wastani palepale. Kubofywa ndo kumeshuka, na makala za kuku zinaongoza kushuka. Za mahindi zimeshuka vyote, kuonekana na kubofywa. Ila kwenye Analytics, ile ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, kuna ajabu, kiwango cha watu kuondoka kimeshuka, zamani 2022 kilikuwa asilimia 80 na kitu sasa 45, yaani wanaondoka wachache kuliko zamani? Mbona haiendani na ninachokiona.

#21 Fundi Waya
Hivyo vipimo viwili havifanani mkuu, usivilinganishe. Analytics ya zamani iliacha kupokea data Julai 2023, na ile ilikuwa mtu akifungua ukurasa mmoja akatoka bila kufanya kingine chochote basi kahesabika ameondoka, hata kama kasoma dakika kumi. Hii mpya GA4 mtu akikaa zaidi ya sekunde 10 au akafungua kurasa mbili au akafanya tendo uliloliwekea alama, anahesabika amejihusisha. Sekunde kumi na moja tu! Mtu anayesubiri picha yako ya MB nne ifunguke naye anahesabika ameipenda makala 😂

#22 Dogo wa Makambako
Mahindi vyote vimeshuka eeh? Nilisema mimi.

#23 Shangazi Takwimu
Kwa mahindi Dogo unaweza kuwa na haki, ila nilimwambia alinganishe na miezi ile ile ya mwaka jana na msimu mwaka jana ulikuwepo pia. Labda mvua zilichelewa mwaka jana. Tusimalize haraka.

Kwa kuku sasa. Anaonekana vilevile, nafasi ile ile, hawamgusi. Hapo kasi ya tovuti haihusiki wakuu, mtu hawezi kujua kama uko polepole kabla hajakubofya. Kuna kitu kwenye ukurasa wa Google wenyewe. Kichwa cha makala kimebadilika, au juu yake kimekuja kitu kingine.

#24 Kisauni Mtaa wa Pili
Kilichokuja juu ni akili bandia. Yale majibu ya Google ya kujiandikia, walianza Marekani Mei 2024, mwaka uliofuata Mei wakatangaza yamefika nchi zaidi ya 200 na lugha zaidi ya 40. Mtu asoma jibu palepale ya nini kukufungua? Mimi kwenye mambo ya viza na nauli ndiko nilikouliwa.

#25 Mwana wa Seva
Kwa Kiingereza sawa, kwa Kiswahili mimi nimejaribu hapa sasa hivi "dawa ya kuku kuharisha", sioni hicho kitu. Naona video za YouTube nne zimejaa skrini nzima ya simu, mleta mada yuko chini yake. Ni video zimekula kliki zako.

#26 Kisauni Mtaa wa Pili
Wewe huioni, mwenzio aiona. Google hamwonyeshi kila mtu sawa.

#27 Mwana wa Seva
Hapo ndo tunabishana bila ushahidi sasa.

#28 Mapishi ya Bi Mkubwa
Mbona hakuna aliyeuliza mwezi wa nne au wa tano ulibadilisha nini? Themu, yaani ule muonekano wa tovuti? Plagini?

#29 Bwana Shamba Kiganjani
Themu nilibadilisha ila mwezi wa nne mwanzoni, na wiki kadhaa baada yake mambo yalikuwa mazuri tu, ndo maana sikuihesabu. Kijana aliyeniwekea alisema hajagusa kingine.

#30 Fundi Waya
Hapo hapo. Google hapitii makala zote siku moja, mia na ushee anaweza kuchukua wiki nyingi. Nimetafuta tovuti yako sasa hivi, kila kichwa kinaanza na jina la tovuti, halafu kaulimbiu yenu ya "kilimo bora kwa maisha bora", ndo kinakuja kichwa cha makala, na kwa simu kinakatwa kabla hakijafika kwenye "kuharisha". Yaani makala zako zote kwenye Google zinaonekana kama makala moja. Themu mpya imekuletea hiyo.

#31 Mwana wa Seva
Google huwa anaandika upya vichwa mwenyewe, anaweza kukiruka hicho.

#32 Fundi Waya
Anaweza. Hapa hajakiruka, nakitazama.

#33 Ng'ombe wa Maskini
Nimesoma makala ya bwana shamba, nimetumia itel yangu. Naomba niseme ukweli usikasirike. Nimefungua kikaja kibao nijiunge na jarida, alama ya kufunga ni ndogo nimeikosa mara mbili nikaenda kwenye tangazo la mikopo. Nimerudi. Makala inaanza kuku ni ndege anayefugwa duniani kote tangu enzi na enzi, kuku ana faida zifuatazo, nyama, mayai, mbolea. Mimi kuku wanakufa! Nimeshuka chini kwelikweli ndo nakuta dalili. Dalili zenyewe zimeandikwa vizuri sana hongera. Mtaalamu wa kata amekuja anasema nisubiri.

#34 Daktari wa Mabanda
Hii ndo tathmini ya bure kabisa, wenzako wanalipia.

#35 Fundi Waya
Kile kibao cha kufunika skrini ya simu Google walishasema tangu Januari 2017 kinaweza kukushusha. Kitoe leo.

#36 Tajiri wa Maneno
Lakini makala lazima ifike maneno elfu mbili ndo Google anaipenda, ndo maana ameanza na historia ya kuku

#37 Shangazi Takwimu
Hakuna idadi ya maneno Google anayoitaka, wameshalisema hilo mara nyingi. Dalili juu, na picha ya kuku mwenyewe aliyelegea mabawa, cha kufanya leo kiwe cha pili, faida za kuku azisome mwenye kuku wazima.

Mpango wangu mimi ungekuwa hivi, na hela isitoke kwanza. Chukua makala kumi za kuku ambazo zinaonekana sana hazibofywi, Search Console inakupangia. Rekebisha vichwa vya hizo kumi tu, toa jina la tovuti mbele, weka neno analoliandika mfugaji. Zingine usiguse. Usibadilishe picha, usihame seva, usiweke Cloudflare wiki hiyo hiyo, maana ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kimekuponya. Subiri mwezi, linganisha kumi ulizogusa na zile ulizoacha.

#38 Mwana wa Seva
Shangazi hiyo ni ya chuo kikuu. Mtu anapoteza wasomaji kila siku unamwambia asubiri mwezi? Arekebishe vyote wikiendi hii, ikipona imepona, hana haja ya kujua kilichoponya.

#39 Shangazi Takwimu
Ana haja, maana ana hela ya kitu kimoja. Akija kuambiwa na yule wa baklinki "umeona, ni mimi" atamjibu nini?

#40 Kisauni Mtaa wa Pili
Na ikiwa ni akili bandia ndiyo yala kliki, hata vichwa vikae vizuri vipi hapatakuwa na tofauti. Mimi ningemwambia aache kumtegemea Google, ajenge kundi la WhatsApp, kila makala mpya aitume huko.

#41 Fundi Waya
WhatsApp nzuri, ila kumbuka wanaotoka huko Analytics inawaandika "direct" kwa hiyo hutawaona wametokea wapi, mpaka kila linki uiongezee mwishoni alama za utm, zile zinazosema mtu katokea wapi. Watu wengi wanadhani WhatsApp haileti mtu kumbe inaleta imeandikwa jina lingine.

Na pia ukiituma linki ikitokea bila picha wala kichwa hakuna anayeigusa, hakikisha picha ya kushirikisha ipo na sio kubwa mno.

#42 Mzee wa Adsense
Kuna mtu amejaribu kuibonyeza hiyo batani ya WhatsApp ya mleta mada? Mimi nimeibonyeza hapa inaniambia namba haipo WhatsApp.

#43 Bwana Shamba Kiganjani
Haiwezekani, namba ndo hii naitumia kila siku.

#44 Mzee wa Adsense
Nimeangalia linki, umeandika wa.me halafu namba inaanza na sifuri saba. Inatakiwa 255 mbele, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha.

#45 Mpiga Zumari
😂😂😂😂 na alisema watu hawajihusishi

#46 Dogo wa Makambako
Watu wanagonga mlango umefungwa na komeo halafu unasema hawana adabu

#47 Bwana Shamba Kiganjani
Nimebadilisha. Kile kibao cha jarida nimekitoa. Vichwa naanza na kumi kama Shangazi alivyosema, ila picha nitazipunguza nazo, siwezi kuziacha MB nne nikijua, nisameheni. Hela naishikilia kwanza.

#48 Shangazi Takwimu
Picha za makala nyingine basi, sio hizo kumi.

#49 Mwana wa Seva
Cloudflare je?

#50 Bwana Shamba Kiganjani
Wakuu imeingia meseji ya kwanza sasa hivi kupitia ile batani, mtu yuko Singida anauliza nauza vifaranga bei gani.

#51 Mzee wa Adsense
Unauza?

#52 Bwana Shamba Kiganjani
Siuzi, mimi naandika tu.

#53 Ng'ombe wa Maskini
Hata mimi nilitaka kuuliza hivyo hivyo, banda limebaki na saba.